Jaja Anapoaibisha Mbele ya Wageni: Mwongozo Kamili wa Kumsaidia Bila Kumvunjia Heshima

Kila baada ya Idi, na tena baada ya Krismasi, simu yangu hujaa ujumbe wa aina moja kuhusu jaja, yaani babu au bibi kwa Kiganda. Babu amemwambia mchumba wa mjukuu wake kwamba amekonda kama mgonjwa. Bibi ametoa upepo katikati ya hitima, akaendelea kuongea kama kwamba hakuna kitu. Baba mkwe ametangaza mtaa mzima kwamba hapewi chakula. Na karibu kila ujumbe unaishia pale pale: "Nilimkanya, na sasa haongei na mtu."

Hapo ndipo wengi wanapoanguka. Wanamkanya mzee mbele ya watu, jambo likiwa limeshatokea, kabla hawajajua limetoka wapi.

Nami nilianguka hapo. Nilimfokea mama yangu mbele ya wageni, hapa Bombo, Uganda, kwa sababu alikuwa akitema mate sakafuni. Alinyamaza, akainuka, akaingia chumbani. Kwa miezi kadhaa, kila ilipopigwa hodi, alijifungia. Baadaye tukagundua jino lililooza lilikuwa likimjaza usaha kinywani, naye hakutaka kumsumbua mtu kwa nauli ya hospitali.

Kazi hii inachukua kama wiki 6. Usiruke hatua, hasa ya pili.

## Vitu vya kuandaa kwanza

- Daftari dogo na kalamu.
- Mfuko mmoja wa kukusanyia dawa zote za mzee: za hospitali, za duka la dawa, na mitishamba.
- Kopo lenye kifuniko na vitambaa vya mkono sita au zaidi.
- Beseni kubwa, kiti cha plastiki kisichoyumba, kikombe cha kumwagia maji, taulo mbili.
- Chombo cha haja ndogo cha usiku, na tochi karibu na kitanda.
- Mtu mmoja ambaye mzee humsikiliza. Huyu tutamtafuta katika hatua ya 3.

## Hatua ya 1: Andika unachokiona kwa siku saba

Usiandike "mchafu" wala "mkorofi". Andika kilichotokea, saa ngapi, nani alikuwapo, na kilichotangulia. Kwa mfano: "Jumanne, saa kumi jioni. Alimwambia mama wa jirani, umenenepa kama gunia. Redio ilikuwa juu. Hakuwa amekula tangu asubuhi."

Baada ya wiki, gawa uliyoandika mafungu matatu: yanayoumiza mtu, yanayotia aibu tu, na yanayokuudhi wewe peke yako. Fungu la tatu lifute. Mzee anayefyonza chai kwa sauti nyumbani kwake hajamkosea mtu, na ukimwandama kwa hilo hatakusikia utakapokuja na jambo zito.

Kisha chagua tabia moja tu ya kuanzia, au mbili zikizidi. Umefaulu hatua hii ukiweza kusema kwa sentensi moja tabia hiyo hutokea lini. "Hutukana jioni, akiwa na njaa na nyumba ina kelele" tayari ni nusu ya dawa.

## Hatua ya 2: Pima mwili kabla ya kulaumu tabia

Mengi tunayoyaita utovu wa adabu ni mwili unaochoka.

Masikio. Uzee huondoa kwanza sauti nyembamba, zile za s, f na t. Mzee husikia kwamba umesema, ila hapati ulichosema. Ndiyo maana anajibu visivyo, anakatiza watu, na "kunong'ona" kwake kunasikika hadi nje ya msikiti. Vilevile hajisikii anapotoa upepo. Mpeleke kituo cha afya wamwangalie nta, kwa sababu nta peke yake inaweza kuziba sikio kabisa. Usimchokoe kwa njiti ya kiberiti wala ufunguo. Ukiongea naye, zima redio, kaa usoni pake, na teremsha sauti iwe nzito badala ya kupiga kelele.

Pua. Uwezo wa kunusa hupungua. Ukimuuliza, "Kwani hujisikii unavyonuka?" jibu la kweli ni hapana, hajisikii.

Meno na tumbo. Meno yaliyong'oka humfanya ameze chakula kikiwa kizima pamoja na hewa, na hewa hiyo itatoka. Maharage huongeza. Misuli inayozuia upepo na mkojo nayo hulegea. Meno ya bandia yanayocheza huleta mate mengi na ule mlio wa kugongana.

Mkojo. Kwa wanaume, tezi dume inayovimba humfanya akojoe mara kwa mara na kwa ghafla. Yule anayejisaidia nyuma ya nyumba huenda alipima umbali wa choo akaona hafiki.

Dawa. Mwaga mfuko wote mezani kwa mganga wa kituo cha afya. Vidonge vya presha vinavyotoa maji mwilini humpeleka mtu chooni mbio. Baadhi ya dawa za presha huleta kikohozi kikavu kisichoisha. Piriton, ambayo wengi hununua kwa mafua, na amitriptilini ya maumivu au usingizi, zinaweza kumchanganya mzee akili. Usimwachishe dawa kwa uamuzi wako, uliza kwanza.

Onyo kubwa. Tabia ikibadilika ghafla, ndani ya saa au siku chache, huo si uzee. Mzee aliyekuwa sawa Jumapili na Jumanne anavua nguo au anaongea na watu wasioonekana, mpeleke kituo cha afya siku hiyo hiyo. Malaria, maambukizi ya njia ya mkojo, nimonia, upungufu wa maji, sukari kushuka, hata choo kigumu cha siku nyingi, vyote vinaweza kuanza kwa kuvuruga akili kabla ya homa kuonekana. Mdomo ukipinda au mkono ukilegea, usingoje hata asubuhi.

Tabia inayobadilika polepole, kwa miezi, inaweza kuwa ugonjwa wa kusahau. Upo pia ugonjwa wa sehemu ya mbele ya ubongo, ambao mara nyingi huanza kati ya miaka 45 na 65: kumbukumbu bado iko vizuri, lakini mtu mpole anaanza kucheka msibani, kuchukua vitu dukani bila kulipa, kusema matusi. Familia nyingi humwombea au humfukuza, wakati alihitaji daktari. Anza na kituo cha karibu, waombe rufaa. Butabika, kule Kampala, ndiyo hospitali kuu ya taifa ya afya ya akili. Mficha maradhi, kifo humuumbua.

## Hatua ya 3: Mtafute mwenye haki ya kusema

Si kila mtu anaweza kumwambia mzee jambo la aibu, hata akiwa na nia njema. Kwa Waganda wa kabila la Baganda, mkwe wa kiume na mama mkwe hawasogeleani; ukimtuma huyo kazungumze habari za kuoga, umeharibu mambo mawili kwa siku moja. Mkaza mwana naye ana mpaka wake na baba mkwe.

Mtu bora mara nyingi ni mjukuu. Utani wa babu na mjukuu upo karibu kila nyumba yetu. Binti wa miaka ishirini akisema, "Mume wangu, leo huogi, mimi naolewa kwingine," mzee atacheka na atakwenda kuoga. Maneno hayo hayo yakitoka kwa mwanawe wa kumzaa ni tusi.

Akikosekana mjukuu wa kumtania, tafuta rika lake, au dada yake, au imamu au padri anayemheshimu. Usiite kikao cha familia. Watu wanane wakimzunguka mzee kumweleza kwamba anatema mate, hiyo ni kesi, hata mkiita mazungumzo.

## Hatua ya 4: Mazungumzo yenyewe

Chagua asubuhi, ameshakunywa chai, ameshakwenda haja. Wawe wawili tu. Kaeni upande kwa upande, mkichambua maharage au mkikunja nguo. Macho yasipokutana, aibu hupungua. Kama anasikia kwa shida, kaa mbele yake lakini funga mlango, maana mtalazimika kupaza sauti kidogo.

Yawe mafupi. Huu ndio mpangilio ninaoutumia.

Omba ruhusa: "Mama, nina neno la kukunong'oneza. Niseme?"

Beba aibu wewe: "Nimeona heri nikuambie mimi mwanao kuliko usikie kwa mtu wa nje."

Taja jambo moja, bila "kila siku" wala "siku hizi wewe": "Jana ulipomwambia Bi Salima habari za mwili wake, alilia alipofika kwake."

Kisha nyamaza. Hapa ndipo watu wanaharibu. Wanaogopa ukimya, wanajaza maneno. Mwache. Anaweza kukataa: "Mimi sikusema hivyo." Usibishane. Huenda hakumbuki, huenda anaona aibu. Jibu, "Sawa mama, labda walisikia vibaya," na uende kwenye mpango.

Mpango mpe yeye auchague: "Nikiona maneno yanaelekea huko, nikuletee maji ya kunywa au nikuguse bega?" Akichagua maji, basi glasi ya maji inakuwa ishara yenu. Hakuna mgeni atakayejua.

Mwisho muulize jambo analolijua kuliko wewe: bei ya shamba, dawa ya mtoto, jina la ukoo. Aondoke pale akiwa mzazi.

Ukiona amekubali ishara, hata kwa kunung'unika, umefaulu. Msamaha usiungoje. Akikasirika, acha siku tatu, kisha mtume mwingine. Na kama ana ugonjwa wa kusahau uliokwisha kukomaa, hatua hii iache kabisa. Hataweza kushika makubaliano, na kila ukirudia atasikia uchungu kama mara ya kwanza. Nenda moja kwa moja hatua ya 5.

## Hatua ya 5: Badilisha mazingira

Mzee wa miaka 80 hubadilika kidogo. Kiti, saa na chakula hubadilika sana. Tafuta tabia uliyoichagua hapa chini.

### Hadithi ile ile kila siku

Ubongo wa uzeeni hushika hadithi lakini hupoteza kumbukumbu ya nani ameshaisikia. Kwa hiyo usimwambie "umeshatuambia". Muulize swali jipya: "Lile lori lililowabeba, dereva alikuwa nani?" Hadithi itapata mlango mwingine. Rekodi kwa simu. Wazee wanapoona wanarekodiwa huongea kwa mpangilio na hutosheka.

Hapa Bombo wapo wazee wasiochoka kusimulia walivyokimbia mwaka 1979, baada ya Amin kuanguka, wakielekea kaskazini hadi Sudan. Akisimulia akitetemeka au akalia, hilo ni jeraha. Kaa naye, mshike mkono. Mgeni angoje chai.

### Maneno makali

Breki ya ulimi iko katika ubongo, na huchakaa kama breki ya gari. Humkuta mzee akiwa na njaa, usingizi au maumivu. Mlishe kabla wageni hawajaja. Aliyeumizwa mfuate wewe baadaye, umwombe radhi kwa niaba ya nyumba. Usimkemee mzee ili mgeni aone kwamba unamkemea.

### Upepo, makohozi na mate

Milo midogo mara nne badala ya miwili mikubwa. Loweka maharage usiku kucha na umwage maji yake. Weka kopo lenye kifuniko kando ya kiti, na kitambaa kwenye kila mfuko wa kanzu au gomesi, lile gauni la kina mama. Upepo ukitoka mbele ya watu, mwenyeji aendelee kuongea pale pale bila hata kupepesa. Watoto wafundishwe hivyo mapema. Kikohozi kinachozidi wiki mbili kipimwe kifua kikuu. Vipimo na dawa zake ni bure katika vituo vya serikali.

### Kukataa kuoga

Hili ndilo linaloniletea ujumbe mwingi, na wengi hushindwa kwa sababu hawajauliza kwa nini anakataa. Anaogopa baridi. Anaogopa kuteleza, maana mzee anajua mfupa wa nyonga ukivunjika huenda asiinuke tena. Anaona haya kuvuliwa nguo na mtoto aliyemzaa. Au amesahau, na anaamini ameoga leo.

Fanya hivi. Chagua saa saba au saa nane mchana, jua likiwa kali. Pasha maji, uyapime kwa kiwiko. Weka kiti ndani ya bafu na mkeka wa mpira usioteleza chini yake. Vifaa vyote viwe tayari kabla hujamwita, asikae uchi akingoja sabuni.

Msaidizi awe wa jinsia yake. Mfunike mabega kwa taulo moja muda wote, na ufunue sehemu unayoosha tu. Anza na miguu, panda taratibu, kichwa kiwe mwisho au siku nyingine. Mpe yeye kitambaa aoshe sehemu zake za siri mwenyewe, hata akifanya vibaya, utamalizia. Sabuni iwe kidogo, ngozi yake ni kavu. Mkaushe katikati ya vidole na umpake mafuta.

Si lazima aoge mwili mzima kila siku. Mara mbili au tatu kwa wiki inatosha, mradi uso, makwapa na sehemu za siri zioshwe kila siku. Kwa Waislamu, josho la Ijumaa ni msaada mkubwa: mzee aliyesahau mengi bado anajua kwamba huendi kwenye sala ya Ijumaa bila kujitwaharisha. Mwambie "Maji ya Ijumaa yako tayari," usimwambie "Nenda ukaoge." Kwa Mkristo, tumia Jumamosi jioni kwa ajili ya kanisa. Nguo chafu zichukue akiwa bafuni, ziloweke mara moja, nyingine zikiwa kitandani.

Usimvute kwa mkono. Akikataa kabisa, mwoshe uso na mikono, ujaribu kesho. Umefaulu akiacha kuuliza "Kwa nini?" na kuanza kuuliza "Maji yamepata moto?"

### "Sipewi chakula, wananiibia"

Kabla ya kusema anasahau, chunguza kama ni kweli. Wapo wazee wanaolala njaa mchana nyumba ikiwa haina mtu, na wapo wanaochukuliwa pesa zao. Tusiutumie uzee wao kuwanyima ushahidi.

Ukishahakikisha kwamba anakula, usibishane. Acha sahani yake mezani kwa muda baada ya mlo, aione. Gawa chakula: uji asubuhi, ndizi moja saa nne, chakula cha mchana, chai, chakula cha jioni. Waambie majirani ukweli mapema: "Jaja anasahau. Akiomba, mpeni kidogo kisha mnipigie." Kama ana kisukari, waeleze wasimpe soda.

Kwa pesa, hasa zile za SAGE, mpango wa serikali wa kuwapa wazee posho, andika kwenye daftari siku aliyopokea na mahali alipoweka, mkiwa watu wawili na yeye mwenyewe. Jifunze maficho yake: chini ya godoro, ndani ya viatu, kwenye mkoba wa msahafu. Akisema ameibiwa, sema "Tutafute pamoja," na umwache yeye azipate.

### Kuvua nguo na kushika watu

Kuvua nguo mara nyingi ni joto, nguo inayobana au mkojo unaomshika. Badilisha nguo, mpeleke chooni kila baada ya saa mbili.

Kumpapasa binti wa kazi au mtoto ni jambo jingine. Usiliite utani. Mtu mzima anayeheshimiwa amwambie waziwazi kwamba halitakubaliwa, na kuanzia siku hiyo msichana asiachwe peke yake naye, wala asitumwe chumbani kwake. Mpeleke mzee kwa daktari pia, maana ubongo ulioumia hufanya hivi. Lakini ugonjwa haupunguzi maumivu ya aliyeshikwa. Mtoto akidhuriwa, nenda polisi, au piga 116, simu ya msaada kwa watoto, bila malipo.

## Hatua ya 6: Siku ya wageni

Iwe hitima, maulidi au kwanjula, ile sherehe ya Kiganda ya kumtambulisha mchumba kwa wazazi, usimfiche mzee. Kumfungia chumbani ndiko kunakomfanya atoke akiwa na hasira na nguo nusu.

Mpe chakula saa moja kabla. Mpeleke chooni dakika kumi kabla. Mkalishe kiti chenye mgongo, pembeni karibu na mlango, mbali na spika, mjukuu wake mtani akiwa ubavuni na glasi ya maji tayari. Upande wa sikio linalosikia uelekee watu.

Mpe kazi moja iliyo wazi, mapema: kufungua kwa dua, kubariki vijana, kutaja majina ya ukoo. Mzee aliyepewa nafasi yake mwanzo haitafuti katikati ya hotuba ya wengine. Katika kwanjula, mwambie msemaji wenu mapema amkatize kwa heshima: "Asante jaja, hilo tumelipokea," na watu wapige makofi.

Saa moja, au moja na nusu, inatosha. Mwondoe angali anafurahi, kwa sababu ya kweli: chai yake, dawa yake, sala yake.

## Hatua ya 7: Baada ya wiki 6

Fungua daftari. Linganisha wiki ya kwanza na ya mwisho. Kama alimtukana mtu mara tano na sasa ni mara mbili, mpango unafanya kazi. Endelea nao na uchague tabia ya pili. Kama hakuna mabadiliko, rudi hatua ya 2, kwa kuwa mara nyingi kuna jino, sikio au kidonge mlichokipita.

Kama imezidi, au ameanza kupotea njia, kusahau majina ya wanawe, kuogopa usiku, nenda kituo cha afya na daftari hilo pamoja na mfuko wa dawa. Mtu wa VHT, kikundi cha wahudumu wa afya wa kijiji chenu, anaweza kukusindikiza na kukueleza siku za kliniki. Mwingie daktari wewe peke yako kwanza, umsomee yale ya aibu, ndipo mzee aitwe. Asikae kwenye benchi akisikiliza unavyomhesabia.